Mtambo Mpya na Mchezo Mzito

Jembe jipya likishindwa kulima, wa kwanza kulaumiwa ni mhunzi. Lakini yamkini mhunzi hana kosa. Huenda mpini umelegea, huenda ardhi ni kavu, au huenda mkulima mwenyewe hajui kulishika. Ndivyo mambo yalivyo katika mitambo ya kuhesabu iitwayo kompyuta. Kijana aliyeunda kompyuta yake kwa vipande alivyokusanya kimoja kimoja huiwasha kwa furaha kubwa. Kisha hukuta mchezo aliouweka unajikokota kama gari la ng'ombe, naye papo hapo hutamani kununua kipande kingine cha bei kubwa zaidi. Kabla hujafungua mfuko wako, msomaji, sikiliza habari za vijana waliokutwa na shida ya namna hiyo zamani, wala hawakuwa na duka la kukimbilia.

Mwezi wa Septemba 1961 Chuo cha Ufundi cha Massachusetts, katika Marekani, kilipokea kompyuta mpya iliyoitwa PDP-1. Iliundwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation, ambayo ilikitolea chuo kama zawadi. Bei yake sokoni ilikuwa dola 120,000. Ilikuwa na transista zipatazo 2,700, na kumbukumbu yake iliweza kushika maneno 4,096 tu, kila neno likiwa na tarakimu 18 za sifuri na moja. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo huhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo mara mia na zaidi. Hata hivyo mtambo ule ulikuwa na jambo ambalo mitambo mingi ya wakati wake haikuwa nalo: kioo cha duara ambacho juu yake ungeweza kuwasha nukta za mwanga popote ulipotaka.

Vijana watatu, Stephen Russell, Martin Graetz na Wayne Wiitanen, walifikiri ni kazi gani itakayoonyesha uwezo wote wa mtambo huo. Wakabuni mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana kwa makombora, wakauita Spacewar! Russell ndiye aliyeshika kazi ya kuandika programu. Alikawia, akisema kwamba hana hesabu za pembe za kugeuzia vyombo. Ndipo Alan Kotok alipokwenda kwa watengenezaji wa mtambo, akarudi na hesabu hizo. Udhuru ukakatika, kazi ikaanza, na mwanzoni mwa 1962 vyombo vikawa vinaruka.

Sasa tazama jinsi shida ilivyozaliwa. PDP-1 iliweza kujumlisha mara 100,000 kwa sekunde moja. Hesabu hiyo yaonekana kubwa, lakini kioo kiliweza kuwasha nukta 20,000 tu katika sekunde hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba muda wa nukta moja ulitosha kujumlisha mara tano, basi. Tena nukta ikiisha kuwashwa hufifia; isipowashwa upya upesi, picha hupepesuka na macho huchoka. Kwa hiyo kila kitu katika mchezo kililazimika kugawana muda mmoja mfupi, kama watoto wanaogawana sahani moja ya chakula: anayekula sana humnyima mwenziwe.

Mchezo wa kwanza haukuwa na mvutano. Dan Edwards aliona kwamba chombo kisichovutwa na kitu hakina ladha, akataka iwepo nyota kubwa katikati ya kioo inayovuta vyombo kwa nguvu inayozidi kadiri vinavyoikaribia. Lakini hesabu za mvutano ni nzito, na muda ulikuwa umekwisha kuliwa. Hapa ndipo penye funzo letu kuu. Edwards hakuulaumu mtambo, wala hakuomba mwingine wenye nguvu zaidi. Aliuliza swali moja tu: muda unakwenda wapi?

Jibu alilipata katika uchoraji wa vyombo. Umbo la kila chombo lilikuwa limeandikwa katika orodha ya namba za siri. Kila mara chombo kilipochorwa, mtambo ulisoma namba, ukafasiri maana yake, ukaweka nukta, kisha ukasoma namba ya pili. Na picha iliyofuata ukaanza tena kufasiri yale yale. Ni kama mtu aliyepata barua ya lugha ya kigeni, naye kila akitaka kuisoma huifasiri upya kwa kamusi, neno kwa neno. Mwenye busara angeifasiri mara moja, akaiandika kwa lugha yake, na tangu hapo akawa anaisoma kwa wepesi. Edwards alifanya hivyo hasa. Aliandika sehemu ya programu ambayo, mchezo unapoanza, huigeuza orodha nzima kuwa amri ambazo mtambo unazitekeleza moja kwa moja. Muda uliookolewa ulitosha kuhesabu mvutano wa vyombo vyote viwili.

Haukutosha, hata hivyo, kuhesabu mvutano wa makombora. Vijana walichagua: vyombo vivutwe, makombora yapite katika mstari ulionyoka bila kuvutwa. Wachezaji hawakuona upungufu, wakafurahi. Fundi hodari hujua la kuacha kama ajuavyo la kufanya.

Wala si kila kero ilitoka katika hesabu. Mwanzoni wachezaji walitumia swichi za majaribio zilizokuwa katika mtambo wenyewe. Viwiko viliuma, na mmoja wao alikaa karibu na kioo kuliko mwenziwe, hivyo mashindano hayakuwa ya haki. Hapo kuongeza kasi kusingefaa kitu. Kotok na Robert Saunders waliunda visanduku vidogo vyenye swichi, kila mchezaji akashika chake mkononi, na taabu ikaisha.

Peter Samson naye aliweka anga la kweli nyuma ya vyombo: nyota zilizo kati ya nyuzi 22½ kaskazini na nyuzi 22½ kusini ya ikweta ya mbingu. Wewe uliye Kenya, nchi inayopitiwa na ikweta, wazijua nyota hizo, kwa maana ndizo zinazopita juu ya kichwa chako, na zile tatu za mshipi wa Orion zimo.

Mwezi wa Mei 1962 mchezo ulionyeshwa kwa watu waliozuru chuo. Baadaye watengenezaji wa PDP-1 waliufanya kuwa jaribio la mwisho la mitambo yao mipya, kwa kuwa uligusa karibu kila kiungo cha mtambo. Mchezo uliodhaniwa kuwa upuuzi ukawa kipimo cha afya.

Basi, msomaji, kompyuta yako mpya ikijikokota, lifuate swali la Edwards. Pima kwanza. Je, waya wa skrini umechomekwa katika kadi ya michoro, au kwa makosa katika tundu la ubao mkuu, hata kadi ikakaa bure? Je, vipande viwili vya kumbukumbu vimo katika nafasi vilivyoagiziwa, na je, vimeruhusiwa kwenda kasi yake kamili katika mipangilio ya mtambo? Je, feni zinazunguka? Je, plastiki nyembamba iliyofunika kipoza joto iliondolewa? Mtambo ukipata joto kali hupunguza kasi yake wenyewe ili usiungue, nawe utadhani ni mbovu. Badili jambo moja kwa wakati mmoja, upime tena. Ukibadili matano pamoja hutajua lililoponya. Na mchezo ukizidi nguvu zako, punguza mapambo yake, kama makombora yale yalivyoachiliwa mvutano.

Fedha huweza kununua mtambo wenye nguvu, lakini haiwezi kununua uwezo wa kujua unaumwa wapi. Uwezo huo hupatikana kwa kutazama, kuuliza na kupima, na mlango wake u wazi kwa maskini kama ulivyo wazi kwa tajiri.