Historia ya Waya Uliokwama

Saketi ya kujumlisha namba mbili za biti 32 huingiza ishara kwa njia 64, kila njia ikibeba sifuri au moja. Ukiijaribu kwa kila jozi ya namba, hata jozi bilioni moja kwa sekunde, utamaliza baada ya zaidi ya miaka 580. Kiwanda kitajuaje, basi, kwamba saketi iliyotoka leo ni nzima?

Mwaka 1959, Richard Eldred, aliyeshughulikia kompyuta ya Datamatic 1000 huko Marekani, mashine ya enzi ya valvu, alichapisha makala iliyoligeuza swali hilo. Desturi ilikuwa kuuliza kama kompyuta inajumlisha na kuzidisha ipasavyo. Eldred aliuliza kila kipande kinaweza kuharibika vipi, na ni ishara zipi zitakazoufichua uharibifu huo.

Humo ndimo ulimochimbuka mfano wa waya uliokwama. Valvu huungua, lehemu huachia, nyaya hugusana. Mfano huu hauulizi chanzo. Unadhani tu kwamba waya mmoja umeng'ang'ania sifuri, au moja, haijalishi unaletewa nini. Ni dhana ya kijasiri, maana mara nyingi uharibifu halisi hauko hivyo. Lakini tazama hesabu: saketi yenye nyaya 100 ina hitilafu 200 za namna hiyo. Tukiruhusu nyaya kadhaa zikwame kwa pamoja, idadi inafikia tarakimu 48, na hakuna awezaye kuzipitia zote.

Bado ilibaki kazi ya kutafuta jaribio la kila hitilafu. Ili kuunasa waya uliokwama kwenye sifuri, lazima kwanza uulazimishe uwe moja, kisha ufungue njia ili tofauti hiyo ifike kwenye mlango wa kutokea, mahali pekee panapoweza kupimwa. Mwaka 1966, J. Paul Roth wa IBM aliipa tofauti hiyo alama yake, D: moja katika saketi nzima, sifuri katika saketi mbovu. Kanuni yake huisukuma D hatua kwa hatua kuelekea nje. Njia ikiziba, hurudi nyuma na kujaribu nyingine. Kwangu mimi, hapa ndipo kazi ya fundi hodari ilipogeuka kuwa hesabu inayoweza kukabidhiwa kompyuta.

Mipaka ilijitokeza baadaye. Mwaka 1978, Wadsack wa Bell Labs alionyesha kwamba katika chipu za aina ya CMOS, transista iliyokatika inaweza kulifanya lango la mantiki lishikilie thamani yake ya awali, hivyo zinahitajika ishara mbili zinazofuatana ili kuinasa. Mifano mingine ikaongezwa: ya nyaya zinazogusana, ya ishara zinazochelewa.

Hata hivyo, majaribio yaliyotungwa kwa ajili ya waya uliokwama yalionekana kunasa pia sehemu kubwa ya kasoro za namna nyingine, na mpaka leo mfano huo ungali kipimo cha msingi cha ubora wa majaribio ya chipu.