Kaskazi, Kusi na Msimu: Pepo za Bahari katika Istilahi za Tabianchi

Mfasiri anayetafuta istilahi za tabianchi aghalabu hukimbilia kamusi za kigeni kabla ya kuwauliza mabaharia. Hilo ni kosa, kwani sehemu kubwa ya elimu hiyo imehifadhiwa katika majina ya pepo zetu mbili.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hata Machi. Kusi hushika zamu tangu Aprili hata Septemba. Baina yake ni maleleji, yaani tanga mbili, wakati pepo hazina msimamo. Majahazi ya Arabuni yalishuka kwa kaskazi yakarejea kwa kusi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri kwa pepo hizo hizo.

Chanzo chake ki mbali na pwani yetu. Bara la Asia likipoa, hewa iliyo juu yake huwa nzito, ikasukumwa kuja kusini. Likipata joto, hewa hupanda, na ile ya baharini ikavutwa kushika mahali pake. Mwaka 1686 Edmond Halley alieleza pepo hizi kwa joto la jua, lakini hakuutia katika hesabu mzunguko wa dunia. George Hadley aliuongeza mwaka 1735. Ni kwa sababu ya mzunguko huo kwamba kusi ya Kilwa hutoka kusini-mashariki, na ikishavuka Ikweta hupinda, ikawa yatoka kusini-magharibi. Jina, basi, hufuata safari ya hewa wala si dira. Mwalimu afundishaye kwamba kusi ni upepo utokao kusini amegeuza mambo: kusini ndilo neno lililozaliwa na kusi, kama kaskazini lilivyozaliwa na kaskazi.

Neno msimu nalo lina ukoo mpana. Asili yake ni mawsim la Kiarabu, ambalo Wareno walilifanya monção, na kutoka kwao likaenea katika lugha nyingine za Ulaya. Anayelirudisha kwetu kwa sura ya “monsuni” anamkaribisha ndugu yake kama mgeni. Pepo za msimu zatosha.

Hali ya hewa ilibeba maana mbili kwa muda mrefu: ya leo na kesho, na ile ya miaka mingi, ambayo kwa desturi wataalamu huipima kwa wastani wa miaka 30. Hii ya pili sasa ni tabianchi, na binafsi naliona neno hilo limechaguliwa vyema.

Ugumu uliobaki uko bara. Masika na vuli ni majina ya nchi zenye mvua mbili, kama pwani na nyanda za kaskazini-mashariki. Ukanda ambamo pepo hukutana hulifuata jua, ukapita huko mara mbili kwa mwaka. Dodoma, Iringa na Mbeya ziko kusini zaidi; huko mapito hayo mawili hukaribiana, mvua ikawa moja tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Idara ya hali ya hewa huziita mvua za msimu. Lakini mfasiri wa Dar es Salaam, kwa mazoea ya kwao, akiandika katika kijitabu cha kilimo kwamba mbegu zipandwe masika yaanzapo, mkulima wa Kongwa atasoma Machi, na wakati huo mahindi ya jirani yake yamekwisha kubeba.