Kanisa la Mkunazini Katika Picha: Nani Anaonekana Mkubwa?

Walimu wengi wa Kiswahili hapa Uganda wanamfahamu Edward Steere kwa kitabu chake cha sarufi na kile cha hadithi za Unguja, vyote vya mwaka 1870. Wachache wanajua kuwa Steere huyo huyo ndiye aliyesimamia ujenzi wa Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kwamba amezikwa humo, nyuma ya altare, tangu mwaka 1882. Kwa hiyo kanisa hili ni sehemu ya historia ya lugha tunayoifundisha.

Katika ziara ya kimasomo, wanafunzi wetu walilipiga picha kwa lenzi ya pembe pana. Lenzi hii hutumika mahali ambapo mpigaji hawezi kurudi nyuma zaidi. Ukisimama mlangoni unapata nguzo, madirisha na paa lote kwa mara moja. Hata hivyo ina tabia zake. Kilicho karibu hukifanya kikubwa kupita kiasi, na kilicho mbali hukisukuma mbali zaidi. Ukiinua kamera juu, kuta huonekana zikiinamiana kama zinataka kuanguka.

Picha zilizobandikwa kwenye ubao wa idara zilipendeza. Nguzo za mlangoni zilijaa pembeni. Inasimuliwa kuwa baadhi yake mafundi walizisimamisha kichwa chini Steere alipokuwa hayupo. Juu lilionekana paa la mviringo, mfano wa nusu pipa, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji. Lakini mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye hakusafiri, aliuliza swali lililotunyamazisha: "Mwalimu, soko la watumwa liko wapi?"

Ni kweli, halikuonekana. Kanisa hilo limejengwa juu ya lililokuwa soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash alilifunga mwezi Juni 1873 baada ya kutia saini mkataba na Waingereza. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni. Kwa mujibu wa mapokeo, hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Katika picha zetu duara hilo lilikuwa doa dogo tu. Lenzi haikudanganya, sisi ndio tuliosimama mbali nalo.

Nadhani historia ya Kiswahili nayo mara nyingi tumeifundisha tukiwa tumesimama mlangoni. Tunawaambia wanafunzi kuwa Steere alichunguza Kiunguja, akakiandika, na kwamba kazi yake iliandaa njia ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu mwaka 1928. Aidha, tunaeleza kuwa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihusisha Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda yetu. Hayo yote ni sahihi. Lakini Steere alifika Unguja mwaka 1864 akiwa mgeni asiyekijua Kiswahili. Alifundishwa na nani? Zile hadithi zilitoka katika vinywa vya wenyeji wa Unguja. Wanafunzi wa mwanzo wa misheni yake walikuwa watoto waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, na vijana wa misheni hiyo walijifunza kupanga herufi na kuchapa maandishi ya Kiswahili. Watu hawa wako kwenye picha, lakini wako mbali na ni wadogo kama lile duara la marumaru.

Sisemi kwamba Steere apunguzwe. Juhudi zake ni kubwa na hazina ubishi. Nasema tusogee.

Njia ya kusogea tulioneshwa na picha moja tu katika zile zilizobandikwa. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watumwa watano waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden, iliyowekwa mwaka 1998. Mwanafunzi mmoja alipiga magoti ukingoni mwa shimo akatumia lenzi ile ile. Nyuso zile zikajaa picha nzima, na kanisa likabaki dogo nyuma yao. Lenzi haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mpigaji.

Napendekeza jambo hili lijaribiwe darasani. Mpe mwanafunzi picha ya mlangoni na picha ya shimoni, kisha umwombe aandike aya mbili kuhusu mahali hapo hapo, kila aya kwa kufuata picha yake. Mwambie pia atenganishe yaliyothibitishwa kwa maandishi na yale yanayosimuliwa. Maneno "kwa mujibu wa mapokeo" na "inasemekana" yatapata kazi ya kweli. Baadaye muulize swali la yule wa mwaka wa kwanza, kisha uongeze lako: na waliomfundisha Steere Kiswahili, wako wapi?