Mnyonge wa Remmy Ongala

Wapo wapenzi wa ushairi wanaoamini kwamba muziki wa dansi ulikuwa wa miguu tu, na kwamba maneno yake yalibebwa na magitaa kwa kuwa yenyewe hayakuweza kusimama. Nimebishana nao mara nyingi, na kila mara naanza na jina la wimbo mmoja wa Ramadhani Mtoro Ongala, tuliyemzoea kwa jina la Dokta Remmy: "Mnyonge Hana Haki".

Kabla ya wimbo kuna methali, nayo kila mmoja wetu anaijua: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ihesabuni. Ni vipande viwili vya mizani saba saba, na vina vyake vinakubaliana. Utamu wa sauti yake hutusahaulisha ukali wake. Sarufi yake ina amri mbili, zote za wingi, na zote wanaambiwa wenye nguvu. Mnyonge mwenyewe hasemeshwi. Ni yambwa mwanzo na mwisho: ananyongwa, kisha anapewa. Hata hiyo haki inayoitwa yake imo mikononi mwa wale wale wanaomnyonga.

Sasa hesabuni jina la wimbo. Mnyonge hana haki: mizani saba kamili, sawasawa na kila nusu ya methali. Sidai kwamba Remmy alikaa kitako akihesabu kwa vidole. Nadai kwamba sikio lake lilikuwa la mshairi, na kwamba aliijibu methali kwa kipimo chake yenyewe. Kichwa hicho kinaangusha ahadi yote ya kipande cha pili. Na kuna jambo jingine ambalo ni rahisi kulipita: humo mnyonge amekuwa kiima cha sentensi. Kitenzi chake ni cha kukanusha, lakini ni chake.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, kabla ya kuhamia Matimila, bendi ambayo jina lake halitenganiki tena na lake. Kiswahili chake kilibaki na ladha ya kwao. Wapo waliokisikia kama kasoro. Mimi nakisikia kama faida, kwa sababu mgeni huisikia methali kana kwamba imesemwa leo asubuhi, ilhali sisi tumeizoea hata haituchomi.

Neno lenyewe lilikuwa na historia nzito katika nchi aliyoikuta. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kwamba tulionewa kwa sababu ya unyonge wetu, na kwamba mapinduzi yaliyohitajika ni ya kuuondoa unyonge huo. Angalieni nafsi inayosema: ni sisi. Kiongozi na mkulima walikuwa, angalau katika karatasi, ndani ya wingi mmoja. Miaka ya themanini wingi huo ulianza kufumuka. Foleni za sabuni na sukari zilikuwa ndefu. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, mwaka uliofuata serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likawaruhusu viongozi yale waliyokatazwa Arusha: hisa, nyumba za kupangisha, mishahara miwili. Katika miaka hiyo Remmy hakuimba juu ya unyonge wetu. Alimwimba mnyonge, mtu mmoja aliyebaki nje. Wanahistoria wataandika juu ya mikopo na masharti yake. Mimi badiliko hilo nalisikia katika ngeli, kutoka U hadi M.

"Mnyonge Hana Haki" imo katika albamu ya Nalilia Mwana, iliyotolewa Uingereza mwaka 1988. Mwaka 1989 ikafuata nyingine, na humo kuna wimbo uitwao "Sauti ya Mnyonge". Hesabuni tena: saba. Safari hii mnyonge ana kitu chake. Haki bado hajaipata, lakini sauti anayo. Nikiziweka methali na nyimbo hizo mbili mfululizo, naona shairi la mistari minne ambalo mistari yake miwili ya kwanza ni ya wahenga na miwili ya mwisho ni ya Remmy.

Sauti hiyo iliwahi kufungiwa mlango. "Mambo kwa Soksi", wimbo wake wa kuhimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ukiwamaliza vijana, ulikataliwa na Radio Tanzania. Nao ulitumia tafsida! Soksi ni neno la heshima kuliko mengi yaliyokuwa yakisemwa mitaani. Nadhani kilichowaudhi wakubwa ni jinsi kila msikilizaji alivyolielewa papo hapo. Simsifii kila alichofanya, hata hivyo. Alipoimba kwa Kiingereza kwa ajili ya soko la ng'ambo, naona makali yalipungua, kwa sababu huko hapakuwa na methali nyuma yake ya kuijibu.

Mnyonge amepanda jukwaani tangu hapo. Rais John Magufuli alijulikana kama rais wa wanyonge, na kwa miaka kadhaa neno hilo lilisikika zaidi kwenye mikutano ya siasa kuliko kwenye nyimbo. Kila nilipolisikia niliirudia methali, nikajiuliza anayetamka ni nani, na hiyo haki imeshikwa na nani.

Remmy alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Sinza kuna kituo cha daladala kiitwacho Kwa Remmy, na makondakta hulitaja jina hilo mchana kutwa. Abiria kijana anayeshuka hapo bila kumjua mwenye jina, ningemshauri asianze na nyimbo za kuchezeka. Aanze na "Kifo", ambamo Remmy anazungumza na mauti uso kwa uso. Kisha asikilize "Mnyonge Hana Haki", mara ya kwanza akifuata gitaa, mara ya pili akifuata maneno, na methali ikiwa imeandikwa kwenye karatasi mbele yake.