Nyuma ya Jabali

Shuleni kwetu Masasi kengele ilikuwa ringi la gari. Aliyekuwa nyuma ya jabali hakuisikia.

Honi hupeleka sauti mbali, lakini upande mmoja. Ndiyo maana kuna ving'ora vinavyozunguka. Huko Marekani, king'ora cha Chrysler cha 1942 kiliendeshwa kwa injini, na mtu alikigeuza kwa mkono. Thunderbolt ya miaka ya 1950 ilikuwa na mota tatu: ya kusukuma hewa, ya kuikatakata iwe mlio, na ya kuzungusha honi. Mtu alibaki na swichi, mbali.

Mwaka 1882 Wamagwangwara waliivamia misheni ya Masasi, makazi ya waliokombolewa utumwani, wakateka watu. Tangu niyajue hayo, kila king'ora nakiuliza: aliye nyuma ya jabali atakusikia?