Ngazi Zilizosingiziwa

Maiti ya Mwislamu haifichiki. Huvuliwa nguo, ikalazwa na kuoshwa kiungo baada ya kiungo na watu walioaminiwa na familia, ndipo ikavishwa sanda. Ofisa wa polisi anaweza kuandika apendavyo katika daftari la kituo, lakini muoshaji hasomi daftari, anaona mwili. Mwili wa Imamu Abdullah Haron, uliotoka mikononi mwa polisi wa Cape Town mwishoni mwa Septemba 1969, ulikuwa na michubuko zaidi ya 20 na ubavu uliovunjika. Polisi walikuwa na maelezo tayari: marehemu aliteleza akaanguka kwenye ngazi.

Maelezo hayo yalikaa kwenye kumbukumbu za mahakama za Afrika Kusini kuanzia mwaka 1970 hadi 2023. Naandika makala haya kwa sababu serikali ya makaburu huelezwa zaidi kwa risasi zake, zile za Sharpeville mwaka 1960 na za Soweto mwaka 1976. Risasi hizo zilipigwa hadharani, dunia ikaziona. Mauaji ya ndani ya vituo vya polisi yalihitaji kitu kingine: hakimu, jalada, na mhuri wa kuthibitisha kwamba hakuna aliyeua.

Abdullah Haron alizaliwa tarehe 8 Februari 1924 Newlands, kitongoji cha Cape Town. Jamii yake ni ile ya Waislamu wa Rasi, watu ambao wengi wa wazee wao waliletwa utumwani na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1955 alishika uimamu wa msikiti wa Stegman Road, Claremont. Alikuwa mtu wa vijana: aliwafungulia madarasa, akawaachia wajadili siasa msikitini, jambo lililowatia hofu wazee wengi wa wakati ule. Mwezi Mei 1961, kwenye mkutano wa hadhara mjini Cape Town, aliishutumu Sheria ya Maeneo ya Makundi kwamba inapingana na Uislamu. Hiyo ndiyo sheria ya mwaka 1950 iliyogawa miji kwa rangi za watu. Claremont nayo ilitengwa kuwa ya wazungu, waumini wakang'olewa majumbani mwao, na Imamu na familia yake wakahamia Athlone.

Riziki yake aliipata kwa kuuza peremende za kampuni moja, na uchuuzi huo ulimpa sababu ya kuingia Langa, Nyanga na Gugulethu, mitaa waliyotengewa Waafrika. Huko watu walimwita "mfundisi", neno la Kixhosa ambalo kwa Mswahili halihitaji mkalimani. Pamoja na peremende alipeleka fedha. Zilitoka ng'ambo, kwa watu kama padri John Collins wa London, kwa ajili ya kulisha familia za waliofungwa. Mwaka 1968 alisafiri hadi Makka, Cairo na London. Makachero wa Tawi la Usalama la polisi walikuwa wakimfuatilia, na rafiki zake walimsihi asirudi nyumbani. Alirudi.

Walimkamata tarehe 28 Mei 1969, siku ya Maulidi. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka 6.

Hapa lazima msomaji aielewe sheria yenyewe. Mwaka 1963 bunge la wazungu lilipitisha kifungu kilichowaruhusu polisi kumshikilia mtu siku 90 bila mashtaka wala wakili. Kabla mwaka huo haujaisha, Looksmart Ngudle, mwanaharakati wa Cape Town, alifia kizuizini Pretoria, na polisi wakasema amejinyonga. Siku 90 zikawa 180 mwaka 1965. Mwaka 1967 ikaja Sheria ya Ugaidi, ambayo kifungu chake cha 6 kiliondoa ukomo kabisa: mtu angeweza kukaa ndani hadi afisa atosheke na majibu yake. Mahakama haikuwa na ruhusa ya kuuliza yuko wapi wala ana hali gani. Sheria haikutaja mateso popote, ila ilijenga chumba kisicho na shahidi, ikawapa ufunguo watu waliolipwa kutafuta majibu.

Imamu alikaa katika chumba hicho siku 123. Tarehe 27 Septemba 1969 alikutwa amekufa katika kituo cha polisi cha Maitland. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Mazishi yalikuwa Jumatatu, tarehe 29. Makadirio mengi yanataja watu kati ya 30,000 na 40,000. Jeneza lilibebwa mabegani kutoka uwanja wa City Park, Athlone, hadi makaburi ya Mowbray, kilomita nyingi kwa miguu, likipokezanwa mkono kwa mkono. Usiku wa siku hiyo hiyo ardhi ilitetemeka. Lilikuwa tetemeko lenye ukubwa wa 6.3, kitovu chake upande wa Tulbagh, na hadi leo wazee wa Cape Town hawasimulii mazishi bila kusimulia tetemeko. London nako alikumbukwa kwa ibada katika kanisa kuu la St Paul's.

Uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu ulifanyika mwaka 1970. Daktari aliyepasua maiti alikwisha kuona kwamba michubuko haikuwa ya siku moja: mingine ilikuwa mipya, mingine imekaa siku nyingi. Mtu huanguka kwenye ngazi mara moja. Hata hivyo hakimu alikubali kwamba sehemu kubwa ya majeraha ilitokana na anguko hilo, na kuhusu yaliyobaki akasema hawezi kujua yalitoka wapi. Jalada likafungwa.

Haikuwa ngazi ile pekee. Mwaka huo huo wa 1969 polisi walidai kwamba mahabusu mwingine alikufa kwa kuteleza kwenye sabuni. Mwaka 1971 Ahmed Timol, mwalimu wa Roodepoort mwenye miaka 29, alianguka kutoka ghorofa ya 10 ya kituo cha polisi cha John Vorster Square, Johannesburg, na hakimu akasema alijiua. Mwaka 1977 mwanaharakati Steve Biko alisafirishwa uchi, akiwa na jeraha la ubongo, zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya Land Rover hadi Pretoria, akafa. Hakimu hakumwona wa kulaumiwa. Dirisha, sabuni, kamba, ngazi: vitu vya nyumba vilibebeshwa dhambi za watu wenye majina, vyeo na mishahara.

Utawala wa makaburu ulipoanguka mwaka 1994, nchi ilichagua njia ya Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Anayeungama yote asamehewe, asiyeungama afikishwe mahakamani. Yalikuwa makubaliano yenye pande mbili, na upande wa kwanza ulitekelezwa: maombi 7,112 ya msamaha yalipokelewa, 849 yakakubaliwa. Upande wa pili ndio uliotelekezwa. Tume iliwakabidhi waendesha mashtaka kesi zipatazo 300, na karibu zote zikalala kabatini. Hili sisamehi kirahisi. Makaburu walificha ukweli kwa kuwa ulikuwa wao wa kuficha, lakini walioyaacha majalada hayo yaote vumbi walikuwa watumishi wa serikali iliyopigiwa kura na wajane wenyewe.

Familia ndizo zilizoufungua mlango. Mpwa wa Timol alifuatilia kifo cha mjomba wake kwa miaka mingi hadi uchunguzi ukafunguliwa upya, na mwaka 2017 Jaji Billy Mothle akaamua kwamba Timol alisukumwa. Joao Rodrigues, aliyekuwa sajenti na shahidi wa mwisho wa tukio lile, alishtakiwa kwa mauaji mwaka 2018 akiwa mzee. Alipinga kushtakiwa mahakama baada ya mahakama, akafa mwaka 2021 kesi yake haijasikilizwa. Mwaka 2022 mahakama ikaamua kwamba Neil Aggett, daktari aliyefia John Vorster Square mwaka 1982, naye hakujinyonga.

Zamu ya Imamu ilifika Novemba 2022. Watoto wake, sasa wazee wenyewe, waliketi katika Mahakama Kuu ya Western Cape wakisikiliza wataalamu wakipima ushahidi ule ule wa mwaka 1969: picha, michubuko, ubavu. Tarehe 9 Oktoba 2023 Jaji Daniel Thulare alitengua uamuzi wa zamani. Alisema Imamu alikufa kwa mateso ya polisi na kwamba hadithi ya ngazi ilitungwa. Maofisa waliomhoji walikuwa wameshakufa, hivyo hakuna aliyefungwa hata siku moja.

Wapo wanaouliza faida ya hukumu isiyomgusa mtu. Nawajibu kwamba kwa miaka 53 hati halali ya serikali ilisema mtu huyu aliteleza, na watoto walikua wakiambiwa hivyo na nchi yao. Kuifuta hati hiyo ni haki, ingawa ni kipande tu cha haki iliyodaiwa. Mwaka 2025 Rais Cyril Ramaphosa aliunda tume chini ya Jaji Sisi Khampepe kuchunguza nani alizuia kesi zile zipatazo 300, na tume hiyo itoe majina, maana mashahidi wanazidi kupungua kila mwaka.

Galiema, mjane wa Imamu, hakuisikia hukumu ya Thulare. Alifariki tarehe 29 Septemba 2019, miaka 50 kamili tangu siku aliyozikwa mumewe.