Upigaji Mbizi kwa Mitungi ya Hewa: Mwongozo kwa Wakazi wa Tarime na Serengeti

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hazina eneo la kupiga mbizi kwa burudani. Maji makubwa yaliyo karibu na wananchi wa wilaya hizo ni Mto Mara, unaoanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, kupita Kogatende ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kumwaga maji yake Ziwa Victoria upande wa Musoma. Mto huo una mamba na viboko wengi, na wakati wa mvua hubeba udongo mwingi kiasi kwamba mtu aliye chini ya maji hawezi kuuona mkono wake mwenyewe. Ndani ya hifadhi, mgeni haruhusiwi hata kushuka kwenye gari isipokuwa katika maeneo yaliyotengwa.

Tangu Wilaya ya Rorya ilipomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, fukwe za Ziwa Victoria zilizokuwa za Tarime ziko Rorya. Ziwa hilo nalo halimfai anayejifunza. Mwani na magugumaji hupunguza mwanga, nyavu zilizotelekezwa humnasa mtu bila yeye kuziona, na maji ya kina kifupi ya ukingoni yana konokono wanaoeneza kichocho.

Liko pia jambo lisiloonekana kwa macho. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 87 ya ule wa pwani. Majedwali ya kawaida ya muda wa kukaa chini ya maji yametayarishwa kwa ajili ya bahari. Anayeyatumia ziwani bila marekebisho hujiongezea hatari ya naitrojeni kutengeneza mapovu mwilini wakati wa kupanda juu, hali inayoleta maumivu makali ya viungo, kupooza na hata kifo.

Kwa sababu hizo, mbizi za mitungi katika Ziwa Victoria zimebaki zaidi kuwa kazi ya uokoaji. Taifa liliona umuhimu wake MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na tena MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Katika ajali hiyo ya pili, wapiga mbizi walimtoa mhandisi mmoja akiwa hai siku mbili baadaye, akiwa amejihifadhi palipobaki hewa ndani ya kivuko. Mwananchi anayeona mtu amezama mtoni au ziwani anashauriwa kupiga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji badala ya kuingia majini bila vifaa.

Anayetaka kupiga mbizi kwa burudani hana budi kusafiri hadi pwani. Karibu na Dar es Salaam zipo hifadhi za Mbudya na Bongoyo, na mbele ya Pangani kipo kisiwa cha mchanga cha Maziwe. Eneo lenye utajiri mkubwa zaidi pengine ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Ghuba ya Chole ina matumbawe yanayofikiwa na mwanafunzi, na upande wa Kilindoni papa potwe huonekana hasa kati ya Oktoba na Februari. Mkoani Tanga, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2009 ina jina la silikanti, samaki wa kale anayeishi zaidi ya mita 100 chini. Mgeni asitarajie kumwona: cheti cha awali huishia mita 18, na mbizi za burudani mita 40.

Kuhusu njia ya kufika majini, boti ndiyo hutumika zaidi. Kuingia kwa miguu kutoka ufukweni kunawezekana mahali pachache tu, kwa kuwa wakati wa bamvu tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Aliyeingia maji yakiwa yamejaa anaweza kulazimika kurudi akitembea mbali juu ya mwamba wenye miiba ya urumba, na mtungi mgongoni. Mtumbwi mdogo wa kasia unafaa kwa kutazama matumbawe ya karibu kwa miwani na bomba la kupumulia, wala haufai kubebea mitungi kwa asiye mzoefu. Katika hifadhi ya Chumbe, Unguja, wageni hutumia miwani na bomba pekee, mitungi hairuhusiwi.

Kabla ya kulipa, mteja aombe kuona cheti cha mwalimu, aulize kama botini kuna oksijeni ya dharura, na ajue chumba cha mgandamizo kilicho karibu kiko wapi. Kwa Unguja, chumba hicho kilijengwa Matemwe. Akiwa chini ya maji asizuie pumzi hata mara moja. Katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, hivyo hewa iliyofungiwa kifuani hutanuka mtu anapopanda na inaweza kupasua mapafu.

Safari ya kurudi nyumbani ndiyo inayosahauliwa zaidi, na kwa mkazi wa Tarime haipaswi kusahauliwa, maana mji huo uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baada ya mbizi moja ya kawaida inashauriwa kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Wakufunzi wengi huagiza siku nzima. Basi nalo hupanda milima. Aliyepiga mbizi Tanga asubuhi kisha akapita Lushoto jioni amefika mita zaidi ya 1,300 bila kuona ndege, na anayekata tiketi ya usiku kwenda Arusha yuko katika hatari hiyo hiyo. Tiketi ya kurudi Tarime au Mugumu ikatwe kwa siku inayofuata ile ya mbizi ya mwisho.